Shamba la mahindi likichoka, liache lirudi kichaka (ila usiliache ovyo)

Kama uko huku Nakuru, Kenya, iwe Njoro, Molo ama Elburgon, na una kipande cha shamba ambacho kila mwaka unamwagia fatalaiza na bado mahindi yanatoka madogo kama kidole, hebu nisikize kidogo. Mimi nilikuwa na nusu eka ya aina hiyo, iko chini kabisa karibu na mto, mvua ikinyesha udongo unashuka na mbegu inaenda nao, nikapiga hesabu nikaona nalimia hasara, nikaacha. Sasa ni mwaka wa tano na kuna miti ya mutundu, ile Wakalenjin wanaita tebeswet, imenipita urefu na sikupanda hata mmoja.

Watu wengi wakisikia kurudisha msitu wanakimbilia kwa nasari kununua miche. Pole pole. Mwaka wa kwanza weka pesa yako mfukoni, kazi yako ni kuzuia mifugo na moto tu.

Lakini kabla ya yote ongea na watu wa nyumbani. Huku kwetu shamba lisilolimwa lina maneno, ndugu yako ataona limeachwa atakuja na trekta, jirani naye ataona nyasi ataleta ng'ombe. Mama yangu aliniuliza kama nimeanza kunywa. Kwa hivyo mwambie kila mtu mapema, onyesha mipaka, na usichukue shamba lote kwa sababu watoto lazima wale. Chukua kona ile inakusumbua: mteremko, mahali pa maji maji, ukingo wa mto. Ukingo hata sheria iko upande wako, kanuni za ubora wa maji za Kenya zinakataza kulima karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, na wanapimia pale maji yalifika wakati wa mafuriko. Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, udongo wako ukishuka ndiko unaenda.

Sasa mbuzi. Mbuzi mmoja kwa mchana mmoja anamaliza miche ya mwaka mzima na hata hutajua ilikuwepo. Kama una pesa weka sengenge, kama huna kata matawi ya miiba upange kwa mpaka, halafu panda kayaba, ule mmea wa ua wenye miiba, ikue pole pole nyuma yake. Wenye ng'ombe wakilalamika waambie waje wakate nyasi wabebe nyumbani, mnyama asiingie. Hii inakusaidia wewe pia, maana shamba lililozoea fatalaiza linatoa magugu na nyasi kwa fujo, na kila mzigo ukitoka unapunguza ile nguvu ya ziada.

Msimu wa kwanza utaona kishona nguo na magugu mengine hadi kiunoni, shamba litakaa vibaya sana na watu watacheka. Wacha wacheke. Hayo magugu yanafunika udongo. Usichome, nasema tena usichome, kwa sababu kama huko kwako kuliwahi kuwa na wato, ule mti ambao gamba lake hutengenezea ngozi na ambao Wakikuyu wanaita muthanduku, mbegu zake zimelala udongoni miaka na miaka zikingoja moto tu, ukichoma zinaamka zote pamoja na utakuwa umejipandia msitu wa wato. Januari na Februari kukiwa kukavu, fyeka njia ya mita 3 hivi kuzunguka kipande chako ili moto wa jirani usivuke.

Wato, lantana (kile kichaka cha maua ya rangi rangi) na vichipukizi vya blugamu, yaani mkaratusi, ndio maadui wa kweli. Ng'oa wakati udongo umelowa, vikiwa vidogo, vinatoka na mzizi bila shida. Blugamu kubwa ukiikata inachipuka tena, kwa hivyo chuna gamba la kisiki mpaka chini na urudi kila baada ya miezi michache kuvunja machipukizi. Ni kazi ya kuchosha, mimi bado nayo.

Kwa upande mwingine, kisiki cha mti wa kienyeji ni mali. Tembea asubuhi uangalie chini, utashangaa ni visiki vingapi vimekuwa vikikatwa na jembe kila mwaka na bado viko hai. Kikichipuka chagua matawi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kata, halafu punguza vitawi vya chini hadi kama nusu ya urefu. Watanzania wanaita kisiki hai, na jina limekaa vizuri. Walio Nyando au Kakamega wafanye hivyo na siala, ama lusiola kwa Kiluhya, ule mti haujui kufa. Mti wa kisiki una mizizi tayari, miche ya nasari haiwezi kuufikia.

Shida yetu ya huku juu ni nyasi, ile ya kikuyu inayotambaa. Ni ya hapa hapa kwetu sawa, lakini inafunga ardhi mpaka mbegu haipati pa kuangukia. Ukiona mche umejiotea, weka kijiti ujue ulipo, halafu palilia duara la kama mita moja kuuzunguka na uweke nyasi uliyokata juu ya udongo, isibanane na shina.

Halafu simamisha nguzo au matawi makavu hapa na pale, marefu kukushinda. Ndege wanapenda kutua juu, na wakitua wanaangusha kinyesi chenye mbegu za miti kama mukuyu na mutamaiyu. Chini ya nguzo zangu mbili ndiko kumeota vitu ambavyo hata sijui majina.

Mwaka wa tatu hivi ndio uangalie ni nini hakijakuja chenyewe ndio upande, mvua ndefu zikishika, Aprili. Kwangu haikuwa imekuja podo na muiri, ule mti ambao gamba lake linatafutwa kwa dawa ya tezi dume. Mbegu ya muiri haikai, ukiiokota usiiweke stoo, ipande mapema. Okota kutoka miti ya karibu na wewe, usiagize ya mbali. Na fuko watakula mizizi ya baadhi, panda zaidi kidogo ya unachotaka.

Kitu kimoja sikufikiria ni tumbili. Walirudi, na kutoka kwa kichaka changu wakaanza kuingia mahindi ya jirani, tukakosana wiki mbili hivi. Sasa tumeelewana kwamba nafyeka upande wake ubaki wazi ili wasijifiche, yeye akapanda viazi kwa mistari ya mpakani, na asali ikitoka kwa ile mizinga yangu miwili namtolea chupa.