Jinsi ya kubishania mchezaji bora wa mwaka wa kriketi (tukitumia Uganda ya 2023)

Bishano la nani apewe mchezaji bora wa mwaka huwa linaharibika kabla hata jina la pili halijatajwa, mana mmoja anaongelea mwaka mzima, mwenzie anaongelea mechi moja aliyoiona, wa tatu kashaleta mambo ya zamani, afu wote wanapandisha sauti wakidhani wanabishania kitu kimoja. Kwenye kriketi ndo inakuwa mbaya zaidi kwa sababu kazi zenyewe hazifanani, huyu anarusha, yule anapiga, mwingine anafanya vyote viwili, na namba za kila mmoja zinasomwa kivyake. Ila likiendeshwa vizuri ni bishano tamu kweli, unatoka hapo unaujua mchezo kuliko ulivyoingia.

Tuchukue Uganda 2023 tujifunzie humo. Tangu Kenya ifike nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 sidhani kama kriketi ya ukanda wetu imepata mwaka mtamu kama ule, na una wagombea wa aina zote: Alpesh Ramjani spina (mrushaji wa mpira unaozunguka) wa mkono wa kushoto, Riazat Ali Shah anayepiga katikati, Dinesh Nakrani anayerusha na kupiga, nahodha Brian Masaba, na mzee wa kazi Frank Nsubuga.

Kabla ya jina lolote, funga kalenda

Kubalianeni mwaka unaanza lini na unaisha lini. Inaonekana jambo dogo lakini nusu ya kelele inaishia hapa. Taja 2023 uone, dakika mbili hazipiti mtu keshamtaja Nsubuga kwa ile spelo (zamu ya kurusha) ya Guyana, ova nne (ova moja ni mipira sita), katoa mikimbio minne tu (mkimbio ndo pointi ya kriketi), wiketi mbili, yani katoa wapigaji wawili, na ova mbili kati ya hizo hakutoa hata mkimbio mmoja, dhidi ya Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu), akiwa na miaka 43! Nani asiyeipenda ile spelo? Siku ile ilikuwa ndo spelo ya ova nne yenye ubahili kuliko zote kwenye historia ya mashindano yale, mpaka Lockie Ferguson wa New Zealand alipokuja kutoa sifuri siku chache baadaye, na yeye dhidi ya Papua New Guinea haohao. Lakini ile ilikuwa tarehe 5 Juni 2024. Kwenye mjadala wa 2023 haimo, iweke pembeni kwa heshima zote, zamu yake itafika.

Tuzo inalipa nini?

Hili mlimalize mapema pia. Mnamtafuta aliyecheza vizuri zaidi, au aliyekuwa na maana zaidi kwa timu? Mana ukisema maana kwa timu, Masaba anapanda juu sana, ndiye nahodha aliyeifikisha Uganda Kombe la Dunia la wakubwa la wanaume kwa mara ya kwanza kabisa. Ukisema aliyecheza vizuri zaidi, nahodha anahesabiwa kwa alichorusha na alichopiga kama wenzie wote.

Waaustralia walikutana na hilihili. Medali yao ya Allan Border, iliyoanza 2000 na wa kwanza kuibeba akawa Glenn McGrath, inaamuliwa kwa kura za mechi moja moja ambazo wanapiga wachezaji wenyewe, waamuzi na waandishi wa habari. Sasa mwaka 2023 Pat Cummins aliiongoza Australia kushinda fainali ya ubingwa wa dunia wa Test (ile kriketi ndefu ya siku tano), wakabaki na Ashes, kombe wanaloshindania na England, na Novemba wakabeba Kombe la Dunia India kwa kuwafunga wenyeji mbele ya watu wao. Nahodha gani tena unamtaka? Medali iliyotolewa mwanzoni mwa 2024 akachukua Mitchell Marsh kwa kura 223, Cummins 144, na pengo hilo si dogo. Kura za mechi moja moja hazina sehemu ya kuandika "aliongoza vizuri mwaka mzima". Mi naona ni sawa, uongozi uwe na tuzo yake na mpira uwe na yake, ila kama nyie mnataka uongozi uhesabiwe basi semeni mwanzoni na mseme una uzito gani, msije mkaukumbuka katikati ya bishano kwa sababu mtu wenu anashindwa.

Namba: ziheshimu, afu zihoji

Ramjani alimaliza 2023 na wiketi 55 kwenye mechi 30 za kimataifa za T20. Hakuna mwanaume duniani aliyemzidi mwaka ule kwa aina hiyo ya kriketi, na ICC, baraza la kriketi la dunia, ikamuweka kwenye orodha ya wanne wanaogombea mchezaji bora wa T20 wa mwaka pamoja na Suryakumar Yadav, Sikandar Raza na Mark Chapman. Yadav akashinda, lakini Mganda kukaa kwenye sentensi moja na hao watu ni kitu ambacho miaka mitano nyuma ungeonekana unaota.

Hapo lazima atokee wa kusema "lakini aliwarushia nani?" Swali halali kabisa hilo, lisizimwe. Tangu Januari 2019 mechi za T20 kati ya timu za taifa za wanachama wote wa ICC zinahesabika za kimataifa, kwa hiyo wiketi ya mpigaji wa timu ambayo ndo kwanza inajifunza na wiketi ya mpigaji wa Zimbabwe zinaandikwa sawasawa kwenye daftari, moja na moja. Jibu lake si kuzifuta hizo wiketi, jibu ni kuzipunguzia uzito. Kaa na kadi za mechi, angalia wiketi ngapi ni za wapigaji wa juu, wale wa namba moja mpaka tano, na ngapi ni za mkiani ambako hata mrushaji wa kawaida anaokota. Angalia mechi ilikuwa bado hai au ilishakwisha. Na usisahau upande wa pili, mchezaji wa Uganda hachagui ratiba, anapangiwa, sasa ukimwambia wiketi zake hazina maana kwa sababu hakucheza na India unamhukumu kwa kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake.

Kwa wale wanaoanza: mrushaji anasomwa kwa wastani (mikimbio aliyotoa gawanya kwa wiketi alizochukua) na kwa ikonomi (mikimbio aliyotoa gawanya kwa ova). Zote mbili zikiwa ndogo ndo nzuri. Mpigaji ana wastani wake, na ana straiki reti, yani mikimbio mingapi kwa kila mipira 100 aliyokabili. Hii straiki reti ndo inawapoteza watu wengi. Riazat alipiga 42 kwa mipira 28 dhidi ya Zimbabwe Novemba 2023, hiyo ni straiki reti ya 150, safi sana. Juni iliyofuata kule Guyana akapiga 33 kwa mipira 56, chini ya 60, ukiiona hiyo namba peke yake unasema huyu kaiua timu. Kumbe Papua New Guinea walitolewa wote kwa 77, Uganda wakaanza kuanguka mpaka 26 kwa wiketi tano, na kilichohitajika pale ni mtu wa kukaa, kugusa mpira pembeni, mkimbio mmoja, tena mmoja, ova zilikuwa bado nyingi na hakukuwa na haraka yoyote. Akakaa mpaka wakabakiza mikimbio mitatu tu, wenzie wakamalizia na Uganda ikashinda zikiwa zimebaki mipira kumi. Mi naichukua hiyo 33 kuliko nusu ya zile 50 za haraka zinazopigwa kwenye mechi za upande mmoja.

Panga mechi kwa uzito

Sasa rudi 2023. Uganda walicheza mechi nyingi mwaka ule, nyingi wakashinda, lakini zilizobeba mwaka ni za kufuzu Kombe la Dunia la T20, kule Windhoek, Namibia, mwishoni mwa Novemba. Timu saba, Namibia, Zimbabwe, Kenya, Tanzania, Nigeria, Rwanda na Uganda, nafasi mbili tu za kwenda Kombe la Dunia. Namibia wakawafunga Uganda, kwa hiyo tarehe 26 walipokutana na Zimbabwe ilikuwa ukifungwa tena unafungasha. Zimbabwe wakaweka 136. Uganda hawakuwa wameshawahi kumfunga mwanachama kamili wa ICC, yani nchi ya daraja la juu kama Zimbabwe, hata siku moja.

Nakrani ndiye aliyewabana Zimbabwe kwa wiketi tatu. Kwenye kupiga Riazat akatoa 42 kwa mipira 28, Ramjani akatoa 40 kwa 26, mechi ikaisha wakiwa na wiketi tano mkononi na mipira mitano imebaki. Mnaona kitu hapo? Yule mtu anayetajwa kwa wiketi 55, siku kubwa kuliko zote aliibeba timu kwa bati! Siku nne baadaye Rwanda wakatolewa kwa 65, Uganda wakamaliza ndani ya ova tisa, tiketi mfukoni, Zimbabwe wakabaki nyumbani.

Kwa hiyo mkibishana wekeni mechi kwenye mafungu matatu, za kufa na kupona, za mashindano ya kawaida, na za kirafiki au za upande mmoja, afu kila jina lipitishwe kwenye fungu la kwanza kabla ya jumla ya mwaka. Ila msiishie hapo tu. Collins Obuya alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana tarehe 24 Februari 2003, siku ambayo Mkenya yeyote wa kriketi hatoisahau, lakini siku moja hata iwe kubwa vipi inahitaji mwaka nyuma yake.

Vitu vya kukataa mezani

Cha kwanza ni habari za mtu kazaliwa wapi. Kwenye timu ile wako waliozaliwa India na Pakistan, na kila mwaka anatokea mtu wa kusema tuzo ya taifa apewe "wa hapahapa". Hapana. Mchezaji akishakidhi masharti ya ICC na akavaa jezi ya nchi, kazi yake ni ya nchi. Kama una hoja kuhusu kulea vijana wa Naguru au Jinja, ni hoja nzito na inastahili siku yake yenyewe, usiitumie kumpunguzia mtu wiketi zake.

Cha pili, kumpa mtu tuzo kwa ajili ya utumishi wa muda mrefu. Nsubuga alianza kucheza kimataifa 1997 akiwa kijana wa miaka 16, anastahili tuzo ya maisha na wala hakuna wa kupinga, lakini ya mwaka ni ya mwaka. Na tuzo za wanaume na wanawake zijadiliwe kila moja kivyake, ratiba na wapinzani ni tofauti.

Mwishoni pigeni kura, msiamue kwa sauti

Chagueni mechi kumi mlizokubaliana ni za maana. Kila mtu aandike kwake, kila mechi pointi 3 kwa aliyecheza vizuri zaidi, 2 kwa anayefuata na 1 kwa wa tatu, bila kuonyeshana, afu jumlisheni. Kwa mechi ya Zimbabwe mi natoa 3 kwa Riazat, 2 kwa Ramjani, 1 kwa Nakrani, na najua kuna watakaogeuza, sawa tu. Pointi zikilingana, angalieni nani alipata 3 nyingi zaidi kwenye lile fungu la kwanza.

Mi nikijumlisha za 2023 nampa Ramjani. Zile 55 peke yake zisingenitosha, ila ukiongeza 40 za Windhoek sioni wa kumfikia, Riazat namuweka wa pili kwa karibu. Mkihamia 2024 anzeni na kadi ya mechi ya Guyana, mana humo ndo wako wote wawili, Nsubuga na minne yake na Riazat na 33 zake, na kura yangu ya 3 kwa siku ile inaenda kwa Nsubuga, mana bila ule ubahili Papua New Guinea wasingeishia 77 na Riazat asingepata nafasi ya kukaa taratibu namna ile.