Somo: Kujenga kwa matofali na paneli za zege hewa, Arusha na Moshi

Tofali la zege hewa lenye urefu wa sentimita 60, kimo cha sentimita 20 na unene wa sentimita 20 huwa na uzito wa kilo 15 hivi likiwa kavu, ilhali zege la kawaida la ukubwa huo hupita kilo 50. Wepesi huo hutokana na namna linavyotengenezwa. Mchanga wa silika uliosagwa, chokaa, saruji na jasi kidogo hukorogwa kwa maji, kisha hutiwa unga kidogo sana wa alumini, ambao ukikutana na chokaa hutoa gesi ya haidrojeni. Uji huo huumuka kama unga wa maandazi, hukatwa kwa waya ungali laini, halafu hupikwa kwa mvuke wa shinikizo kubwa katika joto la nyuzi 180 hadi 200. Msanifu majengo wa Uswidi, Johan Axel Eriksson, ndiye aliyebuni njia hii katika miaka ya 1920.

Kwetu huku wepesi una maana ya pekee, kwa sababu tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Julai 2007 karibu na mlima Gelai lilisikika hadi Nairobi, na wakazi wengi wa Arusha wanalikumbuka. Nguvu ambayo tetemeko huitia nyumba hukua kadiri uzito wa nyumba unavyokua, hivyo ukuta mwepesi hupunguza mzigo huo. Hata hivyo, wepesi peke yake hauokoi mtu. Ukuta usiofungwa vizuri huanguka hata ukiwa mwepesi. Faida nyingine huonekana usiku wa Juni na Julai, kwani mapovu ya hewa yaliyomo ndani ya tofali huzuia joto la chumba lisitoroke upesi.

Hatua ya kwanza: kupokea na kuhifadhi mzigo

Omba cheti cha kiwanda kinachoonyesha uzito kwa mita ya ujazo na nguvu ya mgandamizo. Panga matofali juu ya mbao, mbali na ardhi, na uyafunike kwa turubai, hasa masika. Tofali hili hunywa maji. Likijengwa limelowa, litakauka likiwa ukutani, litasinyaa na kuleta nyufa. Mafundi wetu wamezoea kuyamwagia matofali ya bloku maji kwa mpira kabla ya kujenga. Desturi hiyo hapa iachwe kabisa: futa vumbi kwa brashi, na kama jua ni kali, lowesha kidogo tu uso utakaopakwa gundi.

Hatua ya pili: kozi ya kwanza

Hapa ndipo ninapowasihi mafundi watulie, hata kama siku nzima itaishia kwenye kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali. Gundi ya matofali haya hupakwa kwa unene wa milimita 2 hadi 3, tofauti na udongo wa saruji wa sentimita moja na nusu tuliouzoea, ambao humpa fundi nafasi ya kusawazisha kosa katika kila kozi. Kwa gundi nyembamba nafasi hiyo haipo; jamvi, yaani sakafu ya zege inayobeba kuta, likiwa na bonde la sentimita moja, bonde hilo litapanda nawe hadi juu. Kwa hiyo tandika karatasi la kuzuia unyevu juu ya jamvi, kisha laza kozi ya kwanza juu ya udongo wa kawaida wa saruji na mchanga, ukianzia kona iliyo juu kuliko zote. Weka kona nne, vuta uzi, na pima kila tofali kwa pima maji kwa urefu na kwa upana, ukiligonga kwa nyundo ya mpira. Udongo huo uachwe ukaze kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu: kupandisha ukuta

Koroga gundi kwa maji safi, uipake kwa mwiko wenye meno, kwenye kitako na kwenye ubavu pia, kwa kuwa ubavu uliosahauliwa ndio hupitisha upepo na maji. Viungo vya wima vya kozi moja viachane na vya kozi iliyo chini yake kwa sentimita 10 au zaidi. Tofali hukatwa kwa msumeno wa mkono, na palipoinuka husuguliwa, kisha vumbi hufagiliwa.

Chini ya kila dirisha, chimba mifereji miwili katika kozi ya juu, laza nondo za milimita 8 zinazopita nusu mita kila upande wa dirisha, na uzifunike kwa gundi. Nyufa za pembeni mwa madirisha huanzia hapo. Linta, yaani boriti ya juu ya dirisha au mlango, ikalie ukuta angalau sentimita 20 kila upande.

Hatua ya nne: ringi bimu

Ringi bimu, yaani mkanda wa zege lenye nondo juu ya kuta, izunguke kuta zote bila kukatika, nayo ishikane na nguzo za kona, na mbao za kenchi zifungwe kwenye bimu hiyo. Mahali penye matetemeko sioni sababu ya kuiacha ili kuokoa mifuko michache ya saruji.

Hatua ya tano: plasta

Plasta isiwe na nguvu kuliko ukuta. Mchanganyiko mkali wa saruji moja kwa mchanga tatu hupasuka na kubanduka; tumia saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, unene usiozidi sentimita moja na nusu, na wavu wa nyuzi za kioo kwenye kona za madirisha na palipokutana tofali na zege.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Njiro: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kutumia udongo wa kawaida kote ili nisinunue gundi?

Jibu: Marahaba. Hapana. Tofali litanyonya maji ya udongo kabla saruji haijakaza, na kiungo kitabaki kama chokaa ya ubaoni. Fedha za gundi zipangwe mapema. Kwa mita moja ya mraba utahitaji matofali kama manane na nusu, hivyo viungo ni vichache.

Mwanachama wa Moshi: Paneli za ndani tunaweza kuzibeba kwa mikono?

Jibu: Paneli ya mita 3 kwa sentimita 60, yenye unene wa sentimita 10, hufikia kilo 120 hivi, na zaidi ikiwa na unyevu, hivyo watu wanne waishike ikiwa imesimama kwa ubavu. Ndani yake mna nondo zilizopakwa dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo paneli za sakafu au paa zisikatwe wala kutobolewa bila idhini ya mhandisi.

Mwanachama wa Usa River: Makabati ya jikoni na tangi la maji vitashikwa na ukuta huu?

Jibu: Makabati ndiyo, kwa plagi zilizotengenezwa kwa ajili ya zege hewa, na drili izunguke bila kupiga nyundo. Tangi lijengewe mnara wake wenye nguzo za zege na msingi wake wenyewe, kwani lita 1,000 za maji ni tani moja.