Kabla hamjagombana kwa ajili ya LUKU, isomeni mita

Nyumba ninayopanga Tabata ina vyumba vitano na LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), na mtunza hela za umeme ni mimi. Kazi isiyo na shukrani. Elfu ishirini ilikuwa inatufikisha siku kumi, mara ikaanza kuisha siku ya nane, na kila mtu akawa na mshukiwa wake. Anayelaumiwa zaidi alikuwa kijana wa chumba cha uani, eti analala na taa.

Nikaacha maneno, nikaenda kwenye mita. Ina kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyotumika. Yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Kwa mita ya namna hiyo, hesabu inavyopepesa kwa dakika sita, zidisha kwa kumi: umepata wati. (Yako ikiwa na namba nyingine, hesabu itabadilika.)

Jumamosi mchana niliomba wote wazime kila kitu na kuchomoa plagi. Kitaa kikatulia. Kingeendelea kupepesa, ningemwita fundi, maana umeme ungekuwa unavuja au kuna mtu kajiunganishia. Kisha tukawasha kimoja kimoja. Feni ilipepesa mara sita. Balbu ya kijana wetu, ya wati 9, haikufika hata mara moja kamili. Akiiwasha kwa muda wa saa tano inakula kama shilingi 16. Watu walitazama chini.

Friji la dada wa chumba cha mbele, anayeuza barafu, lilipepesa mara 12, yaani wati 120. Si nyingi. Shida ni kwamba halikupumzika. Friji lisilo na hitilafu hunguruma, likanyamaza, likaanza tena. Hili lilinguruma mchana kutwa. Tulibana karatasi mlangoni, ikachomoka bila kukwama: mpira umekufa, baridi inatoka. Fundi akabadilisha mpira, tukayeyusha barafu iliyoganda ukutani, tukalivuta kidogo kutoka ukutani ili mgongo wake upate hewa. Pia hakuna tena kuingiza sufuria ya maharage ya moto. Siku kumi zikarudi.

Pasi nayo ina mambo yake. Ya wati 1,000 ikikaa nusu saa inakula nusu uniti, karibu shilingi 180. Anayenyoosha shati moja kila asubuhi anaipasha upya kila siku. Nyoosha za wiki nzima Jumapili, anza na nguo nyepesi wakati bado inapata moto. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga usiwashe ukaenda kupiga stori.

Na ukiona siku fulani uniti ni pungufu, usikimbilie kusema mita mbovu. Ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni bei yenyewe. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti kwa shilingi 100. Sisi tuko kwenye kundi la 292. Ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika kama 356. Vyumba vitano kwa pamoja tunatumia uniti 168 hivi kwa mwezi, kwa hiyo kwenye mita sisi ni mteja mkubwa. Gawanya kwa tano: kila chumba ni kama uniti 34. Kwa bei ya mteja mdogo, pamoja na makato hayo, chumba kingelipa kama 4,150. Sasa kinalipa kama 12,000. Hakuna kuzima taa kutakakoziba pengo hilo. Dawa ni kila chumba kuombewa LUKU yake.

Mwenye nyumba nimempelekea daftari langu la hesabu. Akalisoma lote, akasema atafikiria. Hiyo ilikuwa kabla ya mfungo. Bado anafikiria.