Jinsi ya kuanzisha mfuko wa wakfu na zawadi za wosia katika kanisa la mtaa

Makanisa mengi ya Uganda yanaishi Jumapili hadi Jumapili. Mvua ikinyesha asubuhi, watu hawafiki, na posho ya katekista inangoja. Mimi ni mweka hazina wa parokia huku Busia, na katika kazi zangu zote hakuna ninayoithamini kama mfuko wa wakfu: mtaji unakaa, matumizi yanatoka kwenye faida peke yake.

Wala si jambo geni kwetu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, ulitenga maili za mraba 92 kwa mashirika ya wamishonari, yazishike kwa niaba ya makanisa ya wenyeji. Parokia ya kawaida haitapata ardhi ya kiasi hicho, lakini inaweza kuanza na shilingi laki chache na wosia wa mzee mmoja.

Hatua ya 1: Andika kanuni kabla ya kupokea shilingi

Hapa msiwe na haraka. Halmashauri ya kanisa ikae, ikubaliane na kuandika: mfuko ni wa kazi gani, nani anaweka saini benki, faida inagawanywa vipi, na fedha zitakwenda wapi kanisa likigawanyika au likifungwa. Kifungu kikubwa kuliko vyote kiwe wazi kiasi kwamba hata mtoto wa kipaimara anakielewa:

"Mtaji wa mfuko huu hautatumika, hautakopwa wala kuwekwa rehani. Faida yake tu ndiyo itakayotumika, kwa kazi zilizotajwa humu."

Paa likivuja mwezi wa nne, mtu atasimama aseme tuchukue kidogo, tutarudisha baada ya mavuno. Wapo wanaoshauri kuacha mlango wa dharura kwenye kanuni. Mimi sishauri. Kila dharura ya kanisa ina mtetezi mwenye sauti nzuri, na aliyetoa shamba lake hayupo tena kujibu.

Hatua ya 2: Mali iwe kwa jina la wadhamini

Katika Kanisa la Uganda (la Kianglikana) na Kanisa Katoliki, ardhi hushikwa na wadhamini waliosajiliwa, yaani watu wanaoishika mali kwa niaba ya kanisa, basi zungumzeni na dayosisi mapema ili zawadi ya parokia yenu iandikwe kwamba ni ya parokia yenu. Makanisa yanayojitegemea yasajili wadhamini wao chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini. Kiwanja kisiandikwe kamwe kwa jina la mchungaji, hata awe mwaminifu namna gani. Akifa, kitahesabiwa katika mirathi yake.

Hatua ya 3: Kamati ndogo

Watu watano wanatosha. Awemo anayejua hesabu, anayejua sheria, mama mmoja au wawili kutoka Umoja wa Akina Mama, na kijana. Mchungaji ahudhurie, ila asiweke saini kwenye akaunti, maana hata yeye anahitaji kulindwa dhidi ya maneno ya watu.

Hatua ya 4: Fundisheni wosia, kwa familia zote

Wengi hudhani kazi huanza kwa kuomba. Inaanza kwa kufundisha. Watu wengi hufa bila wosia, na kaburi halijakauka ndugu wameshafika kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kugombea mali. Mwalikeni wakili Jumamosi moja awaeleze waumini namna ya kuandika wosia halali, hata wale ambao hawataliachia kanisa chochote. Hiyo peke yake ni huduma.

Mambo ya kusisitiza siku hiyo:

- Wosia uwe wa maandishi, na mwenye wosia atie saini au dole gumba mbele ya mashahidi wasiopungua wawili.
- Shahidi asiwe anayerithi, maana anaweza kupoteza alichoachiwa. Kwa sababu hiyohiyo mchungaji na wazee wa kanisa wasiwe mashahidi wa wosia unaolitaja kanisa.
- Nyumba anamoishi mjane na watoto isitajwe kama zawadi. Sheria ya mirathi, iliyorekebishwa mwaka 2022, inailinda. Wategemezi walionyimwa sehemu ya kutosha wanaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuwapa haki yao.
- Aliyeoa au kuolewa baada ya kuandika wosia aandike upya.

Kwa anayetaka kulikumbuka kanisa, mpeni maneno rahisi ya kupeleka kwa wakili wake: "Baada ya mke wangu na watoto wangu kupata sehemu zao, ninatoa sehemu moja ya kumi ya mali itakayobaki kwa wadhamini wa kanisa langu, iingie mfuko wa wakfu." Sehemu ya kumi ni bora kuliko kutaja ng'ombe fulani, kwa sababu ng'ombe huuzwa ada za shule zikibana.

Na tafadhali, msimwendee mgonjwa kitandani. Sheria inabatilisha wosia uliopatikana kwa hila, kwa shuruti, au kwa kumsumbua mtu mpaka akakubali. Hata kama sheria isingesema hivyo, kanisa lisingestahili zawadi ya namna hiyo. Ongeeni na mtu akiwa mzima, nyumbani kwake, mke au mume akiwepo na watoto wakubwa wakisikia. Wakikataa, kunyweni chai, ombeni pamoja, ondokeni kwa amani.

Hatua ya 5: Chunguzeni ardhi kabla ya kusema asante

Ulizeni ni ardhi ya aina gani: mailo (umiliki wa kudumu uliotokana na mkataba ule wa 1900), frihodi (umiliki wa kudumu wenye hati), lisi (ya kukodi kwa miaka maalumu) au ya kimila. Kibanja, yaani kipande anachokalia mpangaji juu ya mailo, kina mwenye ardhi, na ridhaa yake inahitajika kabla ya kukihamisha. Kwa ardhi ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Nendeni shambani, tembeeni mpaka hadi mpaka pamoja na majirani na LC1, mkiandika majina. Mkikuta mgogoro, kataeni zawadi kwa heshima.

Asiyetaka kutoa ardhi anaweza kutoa kinachoota juu yake. Nusu ekari ya mikaratusi, iliyopandwa kwa makubaliano kwamba mbao zikiuzwa fedha zinaingia mfukoni, ni zawadi nzuri, na shamba linabaki la watoto.

Hatua ya 6: Fedha ifanye kazi

Akaunti ya mfuko iwe peke yake, isichanganyike na sadaka wala mnada wa kuku na matoke baada ya ibada. Kisha ninapendelea hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa miaka maalumu nayo ikalipa riba. Benki yenu ya biashara itawafungulia akaunti ya dhamana, ya kuwekea hati hizo, Benki Kuu ya Uganda. Kiwango cha chini ni shilingi 100,000, na riba hulipwa kila miezi sita. Kodi ya zuio, inayokatwa kwenye riba kabla hamjalipwa, ni asilimia 20, lakini kwa hati za miaka 10 au zaidi ni asilimia 10.

Tuseme mna shilingi milioni 10 kwenye hati ya miaka 10 inayolipa asilimia 14. Riba ya mwaka ni 1,400,000. Kodi inachukua 140,000, mnabaki na 1,260,000. Msizile zote. Shilingi inapungua nguvu kila mwaka, kwa hiyo rudisheni 504,000 kwenye mtaji na mtumie 756,000. Sehemu inayorudishwa, asilimia 40 ya faida baada ya kodi, iandikwe kwenye kanuni za hatua ya kwanza. Anayewaahidi faida ya mwezi inayozidi hapo mara kadhaa, mfungieni mlango.

Hatua ya 7: Taarifa

Mali bila daftari huisha bila habari. Mara moja kwa mwaka, kwenye mkutano mkuu, someni kwa sauti mtaji ulivyokuwa, ulivyo sasa, faida iliyopatikana na ilikokwenda, kisha bandikeni karatasi hiyo mlangoni. Nakala ipelekwe kwa familia ya kila aliyetoa, hata kama watoto wake wanasali kwingine, na iambatane na barua fupi inayotaja kazi iliyofanyika mwaka huo kwa zawadi ya mzazi wao.