Mwaka Mmoja wa Kazi Ujerumani Baada ya Chuo: Anza na Mwezi wa Kumi na Tatu

Vijana wanaomaliza chuo Nairobi, Eldoret, Arusha au Dar wakiniuliza habari za Ujerumani, huanza na viza. Mimi huwauliza kwanza: mwezi wa kumi na tatu utakuwa wapi? Kibali cha mwaka mmoja kina tarehe yake ya mwisho, na Wajerumani hupanga mambo ya mwakani mapema mno. Anayepanda ndege bila kujua anaelekea wapi baada ya mwaka huo huja kuzinduka amebakiwa na majuma manne, na nafasi zote za msimu zimeshajaa.

Aliyemaliza chuo na hana mkataba wa kazi ya taaluma yake ana milango mitatu ya kawaida.

Wa kwanza ni au pair. Unaishi na familia, unawaangalia watoto na kusaidia kazi ndogondogo za nyumbani, si zaidi ya saa 30 kwa wiki. Unapata chumba, chakula, yuro 280 za mfukoni kwa mwezi, mchango wa familia kwenye ada ya kozi ya lugha, na siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki. Uombe viza kabla hujafikisha miaka 27, uwe na cheti cha Kijerumani cha A1 (ngazi ya kwanza ya lugha; baada yake huja A2, B1, B2 na kuendelea), na ukishamaliza mwaka hakuna nyongeza.

Wa pili ni mwaka wa kujitolea, ambao wengi wetu huuita FSJ kwa herufi za jina lake la Kijerumani (Freiwilliges Soziales Jahr), pamoja na nduguye BFD, huduma ya kujitolea ya serikali kuu. FSJ ni ya walio chini ya miaka 27. BFD, iliyoanzishwa 2011, haina ukomo huo wa umri, kwa hiyo aliyechelewa chuo kwa sababu ya karo asikate tamaa. Kazi ni za nyumba za wazee, hospitali, shule za watoto wadogo na vituo vya watu wenye ulemavu. Wanaopokea vijana huomba A2 au B1, na ukweli ni kwamba ukienda na A1 peke yake utateseka.

Wa tatu ni Chancenkarte, kadi ya kutafutia kazi iliyoanza Juni 2024. Hiyo inamfaa mwenye akiba na mwenye digrii au stashahada inayotambuliwa na serikali ya nchi aliyosomea. Unapewa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi ya fani yako, huku ukiruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 kinatosha kama sharti la chini. Lakini uonyeshe kwamba unaweza kujikimu, na kwa 2025 hesabu ilikuwa yuro 1,091 kwa kila mwezi. Hapo ndipo wengi wetu hurudi kwenye mlango wa pili.

Neno moja kwa wauguzi: kama umesajiliwa na baraza la wauguzi nyumbani, usiende kama mtu wa kujitolea. Una njia yako ya kutambuliwa cheti, na inalipa mshahara. Nimewaona wauguzi waliofuzu wakipanga sahani katika nyumba za wazee kwa sababu tu FSJ ndiyo waliyoisikia kwanza.

Swali litakaloulizwa ubalozini

Mwenye digrii akiomba viza ya FSJ au au pair, afisa anajiuliza jambo ambalo hata mjomba wako angejiuliza: huyu amesoma uhasibu miaka minne, anaenda kulisha wazee kwa nini? Ukijibu kwamba unapenda utamaduni wa Kijerumani, umejibu kama wale wengine wote waliopita pale asubuhi hiyo. Jibu linalosimama ni lile linalounganisha ulichosoma, utakachofanya mwaka huo na utakakoelekea. Aliyesomea ustawi wa jamii ana hadithi iliyo wazi. Aliyesoma uhasibu naye anaweza kuwa nayo kama kweli anataka kuingia Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi yenye malipo, au kusimamia vituo vya huduma, lakini lazima ameshafikiri, si kukariri usiku wa kuamkia miadi.

Wasifu wako usiwe na mashimo. Ulimaliza mitihani Mei mwaka juzi. Tangu hapo umekuwa wapi? Kama ulikuwa ukiuza duka la mama, andika. Si aibu, na Mjerumani huona vibaya zaidi miezi kumi tupu kuliko duka.

Umakini huu una sababu nyingine. Tangu Julai 2025 Ujerumani imeondoa ule utaratibu wa kuuandikia ubalozi barua ya kupinga uamuzi ukinyimwa viza. Sasa unaomba upya na kulipa tena ada ya viza ya yuro 75, au unakwenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo faili la kwanza ndilo faili.

Pesa, na wale wanaosema wana nafasi

Kisheria, pesa za mfukoni za FSJ na BFD zina kiwango cha juu, ambacho kwa 2025 kilikuwa yuro 644 kwa mwezi. Wengi hupokea chini ya hapo. Vituo vingine hutoa chumba na chakula, vingine hutoa fidia kidogo ujitafutie. Usisaini kabla hujajua ni kipi kati ya hivyo, maana chumba peke yake mjini München kinaweza kumeza pesa yote ikaisha. Bima ya afya na michango mingine ya hifadhi ya jamii hulipiwa na kituo. Hilo ni jambo kubwa, ila halitumwi kwa M-Pesa.

Na hapa inabidi kukaa na wazazi chini kabla ya safari. Nyumbani watu wamesikia "anaenda kufanya kazi Ujerumani", wamechanga, pengine shamba limewekwa rehani. Waambie kiasi kwa tarakimu. Waambie kwamba mwaka huu hautajenga nyumba na huenda hautalipa ada ya mdogo wako. Mazungumzo hayo ni machungu mezani, lakini ni machungu zaidi kwenye simu mwezi wa nne, wakati wewe unahesabu senti za tikiti ya treni na shangazi anauliza mbona kimya.

Kuhusu mawakala, kipimo ni chepesi. Mwaka wa kujitolea huandaliwa na shirika la Ujerumani ambalo jina lake limo kwenye mkataba, nawe unaweza kuliandikia moja kwa moja. Kwa au pair, sheria ya Ujerumani hairuhusu wakala wa huko kukutoza zaidi ya yuro 150. Anayekuomba laki mbili za Kenya "kushikilia nafasi" anakuuzia barua pepe ambayo ungeiandika mwenyewe. Ni halali kumlipa mwalimu wa lugha, mtafsiri aliyeapishwa na ada ya mtihani. Ukijisomea mwenyewe, Goethe-Institut zipo Nairobi na Dar es Salaam na unaweza kufanya mtihani pale bila kuwa mwanafunzi wao.

Kabla ya kufunga sanduku

Cheti kwanza. Vyuo vyetu hutoa vyeti baada ya mahafali, miezi kadhaa tangu mtihani wa mwisho, na vingi humtaka mwenyewe aje na kitambulisho akasaini. Ukiondoka na matokeo ya muda tu, cheti kitakaa kabatini chuoni wakati wewe unakihitaji Ujerumani kuombea Ausbildung au shahada ya uzamili. Subiri mahafali ikiwezekana. Kama haiwezekani, ulizia ofisi ya masijala mapema ni hati gani ya uwakilishi wanayoikubali, na uiandike mbele ya wakili kabla hujaondoka.

Pasipoti: kama inakwisha ndani ya huo mwaka, badilisha sasa, maana kibali cha kuishi hakiwezi kuvuka tarehe ya pasipoti. Kuibadilishia huko ni safari ya Berlin na kusubiri.

Laini ya simu husahaulika sana. Namba za siri za benki, M-Pesa na eCitizen huja kwenye ile laini yako ya nyumbani, na kuirudishia laini iliyofungwa ukiwa mbali ni shughuli pevu, hasa Tanzania ambako usajili ni kwa alama za vidole. Washa huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kabla hujapanda ndege, ijaribu, halafu uwe unaitia vocha mara kwa mara.

Mkenya mwenye mkopo wa HELB ajue kwamba marejesho yanatarajiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na kutolipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Waandikie uwaeleze hali yako, uombe mpango wa malipo madogo. Na ile ripoti ya mapato sufuri ya KRA, mamlaka ya kodi, bado inadaiwa kila ifikapo Juni 30, hata ukiwa umevaa koti zito Leipzig. Mtanzania naye apite HESLB, bodi yao ya mikopo, akaeleze anakwenda wapi.

Koti lenyewe? Nunua mitumba, Gikomba au Karume, na usishangae ukikuta lebo ya Kijerumani ndani. Viatu ndivyo usivifanyie ubahili: visipitishe maji.

Kisanduku cha barua

Ukifika, una majuma mawili tangu kuhamia kujiandikisha makazi katika ofisi ya mji, ukiwa na karatasi aliyosaini mwenye nyumba. Miadi katika miji mikubwa ni adimu, kwa hiyo itafute kabla hujasafiri.

Halafu, siku ileile, bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua mlangoni. Kwa macho ya mgeni ni jambo dogo, lakini Ujerumani mambo mazito bado huja kwa karatasi: kadi ya bima, namba ya siri ya benki, namba ya kodi, miadi ya ofisi ya wageni. Mtu wa posta akikosa jina "Mwakalinga" au "Wanjiru" pale mlangoni, hagongi kuuliza, barua inarudi ilikotoka. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile la nyumbani, hata kama unapanga na wenzako wanne na kisanduku kimeshajaa vibandiko.

Kati ya barua hizo itakuja moja inayodai ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi. Wengi huitupa wakidhani ni matapeli kwa kuwa hawana televisheni. Si matapeli. Ada hiyo ni kwa kila nyumba, sio kwa kila mtu, kwa hiyo kama mwenzako mnayeishi naye tayari analipa, jibu barua ukitaja namba yake ya malipo na mambo yameisha. Ukinyamaza, deni linaota faini.

Zamu ya asubuhi

Katika nyumba ya wazee zamu ya kwanza huanza kabla hakujapambazuka vizuri. Muuguzi wa usiku anakabidhi, kwa dakika kama kumi, haraka, kwa lafudhi ya pale: nani hakulala, nani aliteleza chooni, nani tangu jana hajanywa maji ya kutosha. Kitabu cha A2 hakikukuandaa kwa hayo. Uwe na kijidaftari mfukoni, andika jina na namba ya chumba, na lililokupita liulize hapohapo kabla mlango haujafungwa. Kuuliza hakukushushii heshima. Kinachokushushia ni kutikisa kichwa kisha kumpelekea mwenye kisukari keki ya mwenzake saa tisa alasiri.

Kazi yako ni kusaidia: kutandika, kulisha, kusukuma kiti cha magurudumu, kukaa na kuzungumza. Kugawa dawa kwa uamuzi wako si kazi yako, hata siku ambayo wauguzi wamepungua na mtu anakuomba "mara hii tu". Ukiugua, piga simu kabla zamu haijaanza, sio baadaye. Na ukiona kituo kinakutumia kama mfanyakazi wa kuziba pengo, una shirika lililokuandikia mkataba na lina mtu wa kukusikiliza. Kwa walio chini ya miaka 27, mwaka mzima una siku 25 za semina, huko ndiko utakutana na wenzako na kujua kama yanayokupata ni ya kawaida.

Oktoba hadi Januari

Tuseme umeanza Septemba. Ausbildung nyingi huanza Agosti au Septemba inayofuata, na waajiri huanza kupokea maombi vuli hii hii, ingawa uuguzi una pia awamu za Aprili na Oktoba. B1 ndiyo kizingiti cha chini, na kwa uuguzi wengi hutaka B2. Kwa hiyo kozi ya jioni ya lugha ianze mwezi wa kwanza, umechoka hivyohivyo. Wasifu wa Kijerumani uwe tayari Novemba, na umwombe msimamizi wako akusahihishie. Mwajiri wa kwanza kumwomba ni kituo chako chenyewe: wanakujua, na wana uhaba wa watu.

Anayetaka chuo kikuu akumbuke Julai 15, tarehe ya mwisho ya vyuo vingi kwa muhula wa baridi, na akaunti iliyofungwa, yaani ile ya kuonyesha kwamba una pesa za kujikimu mwaka mzima na ambayo benki huiachia kidogo kila mwezi, yenye yuro 11,904. Hata ungelipwa kile kiwango cha juu cha 2025 na usitumie hata senti, mwaka mzima ungekupa yuro 7,728. Pesa hiyo lazima itoke kwingine, na ni vizuri kujua hilo Oktoba kuliko Juni.

Ombi la kibali kipya lipeleke ofisi ya wageni kabla cha kwanza hakijaisha. Na kama unarudi nyumbani, dai cheti chako cha utumishi kinachoeleza kazi ulizofanya na ulivyozifanya, futa usajili wa makazi katika ofisi ya mji, kisha iandikie ile ofisi ya ada ya televisheni kuwa umeondoka, ukiambatisha karatasi ya kufuta usajili.