Kikosi kipya kila Novemba: namna ya kufuata timu ya chuo ya mpira wa kikapu Marekani zama hizi za malipo na uhamisho

Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akaanza kukichezea chuo cha Connecticut mwaka 2006, na akakaa hapo misimu mitatu kabla ya kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, yaani zamu ya timu za ligi ya kulipwa kuchagua wachezaji wapya. Aliyemfuatilia tangu mwaka wa kwanza alimwona akikomaa ndani ya jezi ile ile. Malipo yake yalikuwa ufadhili wa masomo, malazi na chakula. Leo kijana wa kiwango kile angelipwa na chuo chenyewe, na kila Aprili angekuwa huru kuhamia kwingine na kucheza bila kukaa nje msimu mmoja.

Mabadiliko hayo ni haki. Mkataba wa kuonyesha kwenye televisheni mashindano ya Machi, yanayotoa bingwa wa vyuo, kwa miaka ya 2025 hadi 2032 pekee una thamani ya dola bilioni 8.8, na kwa miongo mingi waliokuwa wanaruka na kuumia uwanjani hawakuwa na fungu humo. Lakini ni kweli pia kwamba shabiki anayengoja msimu uanze ndipo afungue televisheni atakuta sura ngeni tupu. Kazi ya shabiki sasa iko Aprili, Mei na Juni, na ina utaratibu wake.

Sheria unazopaswa kuzijua

Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. Utaratibu huo unaitwa NIL. Mwanzoni fedha zilitoka nje ya chuo: kwa kampuni, na zaidi kwa vikundi vya wafadhili matajiri. Kisha tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maridhiano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na kuanzia Julai mwaka huo vyuo vinalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo kwa mwaka wa 2025–26 kilikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo, kwa michezo yote kwa pamoja.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Katika vyuo vya SEC na Big Ten, ambazo ni konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana kila msimu, fungu kubwa linakwenda kwenye futiboli ya Kimarekani. Vyuo kama St. John's, Marquette na Creighton havina futiboli kabisa, hivyo vinaweza kuelekeza kwenye kikapu sehemu kubwa zaidi ya fedha zao. Unapolinganisha timu mbili, usiulize chuo kina utajiri kiasi gani. Uliza kikapu kinapata nini baada ya futiboli kula.

Upande wa uhamisho, orodha ya kidijitali inayoitwa lango la uhamisho ilianza Oktoba 2018. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Tangu Aprili 2024 anaweza kuhama mara nyingi apendavyo, mradi masomo yake yako sawa. Na hapa wapenzi wa soka hupotea: hakuna ada ya uhamisho inayolipwa kati ya chuo na chuo. Chuo kidogo kilichomlea kijana miaka miwili hakipati kiasi chochote anapoondoka. Machi 2025 timu 16 zilizobaki kwenye mashindano zote zilitoka konferensi nne tu: SEC saba, Big Ten nne, Big 12 nne na ACC moja. Kama ulipenda michuano hii kwa sababu ya vyuo vidogo kuangusha vigogo, jua kwamba vigogo sasa huwasajili wale wale waliowaangusha mwaka uliopita.

Kalenda

Fainali ya wanaume huchezwa mapema Aprili. Kwa utaratibu uliopitishwa kwa ajili ya 2026, dirisha la lango hufunguliwa siku inayofuata na kubaki wazi siku 15. Awali lilikuwa siku 30 na lilifunguka mashindano yakiwa bado yanaendelea, jambo lililowachosha makocha na mashabiki pia. Mchezaji huomba kwa maandishi, na chuo kina siku mbili za kazi kuliweka jina lake.

Makosa matatu hujirudia kila mwaka. La kwanza ni kuamini kwamba jina likiingia langoni mchezaji ameshaondoka. Anaweza kulitoa na kubaki, kama chuo bado kinamtaka. La pili ni kudhani dirisha likifungwa biashara imekwisha. Kinachofungwa ni kuingia tu. Aliyekwisha kuingia anaweza kuchagua chuo wiki kadhaa baadaye. La tatu ni kusahau NBA: mchezaji anaweza kuwa langoni na kwenye drafti kwa wakati mmoja, na tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye drafti ili arudi chuoni huangukia mwishoni mwa Mei. Mwaka 2025 ilikuwa Mei 28. Kwa hiyo usiandike kikosi chako kwa wino kabla ya Juni.

Kocha akiondoka, hesabu zote huanza upya, kwa sababu wachezaji wake hupewa dirisha lao la siku 15, linalofunguka siku tano baada ya kocha mpya kutangazwa. Kocha John Calipari alipotoka Kentucky kwenda Arkansas Aprili 2024, kocha mpya Mark Pope alirithi chumba cha kubadilishia nguo kilichokuwa karibu kitupu. DJ Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivisic walimfuata Calipari. Mwaka uliofuata timu zote mbili, zikiwa zimejengwa upya, zilifika 16 bora. Anayelalamika kwamba wachezaji hawana uaminifu akumbuke ni nani aliyekuwa na uhuru wa kuhama miaka yote hiyo. Ukitaka kujua timu itachezaje mwakani, mjue kocha kwanza: anashambulia kwa kasi gani, walinzi wake wanabadilishana watu wa kukaba au kila mmoja anamfuata mtu wake, anacheza na warefu wawili au mmoja.

Hesabu ya kikosi

Chukua karatasi au lahajedwali. Kwa kila mchezaji andika nafasi, urefu, miaka ya kucheza chuoni iliyobaki, chuo alichotoka, dakika alizocheza msimu uliopita, mitupo ya pointi tatu aliyojaribu na asilimia aliyofunga, asilimia ya mitupo huru, na kiwango cha matumizi, yaani sehemu ya mashambulizi ya timu yanayoishia mikononi mwake akiwa uwanjani. Takwimu hizi ziko bure kwenye tovuti ya Bart Torvik. KenPom, tovuti nyingine ya takwimu, inatoza ada ya mwaka. Vyuo vilivyojiunga na maridhiano ya House vina kikomo cha wachezaji 15, lakini wanaocheza kwa maana halisi ni wanane au tisa. Weka nguvu zako kwa hao.

Anza na dakika zinazorudi. Mechi moja ina dakika 40, mara watu watano, sawa na 200. Timu iliyocheza mechi 34 bila muda wa nyongeza ilikuwa na dakika 6,800. Jumlisha dakika za wanaobaki, kisha gawa. Wakibaki wenye dakika 2,040, ni asilimia 30. Chini ya theluthi, ichukulie timu kuwa mpya na usitarajie ulinzi wa maana kabla ya Januari. Kufunga huja mapema kwa sababu kipaji cha mtu mmoja kinatosha. Ulinzi unahitaji watano wanaojua nani anasaidia na nani anarudi kwa mpigaji wa pembeni, na hilo hujengwa kwa mazoezi ya pamoja tu.

Kisha pima wageni. Uwanjani wako watano, kwa hiyo wastani wa matumizi ni asilimia 20 kwa kila mmoja na jumla ni 100. Ukikuta kocha amesajili vinara watano waliokuwa na asilimia 27 kila mmoja huko walikotoka, jumla ni 135. Mpira ni mmoja. Lazima wawili au watatu wakubali kuguswa na mpira mara chache zaidi, na hapo ndipo vikosi vya gharama kubwa huvunjika, hasa pale anayetakiwa kupunguza ni yule aliyelipwa zaidi. Tafuta wenye asilimia 16 hadi 18 wanaofunga vizuri na hawapotezi mpira. Hawaandikwi sana wakati wa usajili, lakini ndio wanaoziba nafasi zilizo wazi.

Kwa wapigaji wa pointi tatu, asilimia iliyotokana na majaribio chini ya 100 isikudanganye. Angalia mitupo huru: mtu aliyefunga asilimia 41 za pointi tatu kwa majaribio 60, huku mitupo huru ikiwa asilimia 62, ana uwezekano mkubwa wa kushuka. Anayetoka konferensi ndogo mpunguzie pia kidogo, kwa kuwa atakabiliana na mabeki warefu na wepesi zaidi kila usiku.

Jambo tunaloliona likipuuzwa kuliko yote ni mhamiaji wa mwaka wa pili. Florida, bingwa wa 2025 aliyeishinda Houston 65–63 mjini San Antonio, husemwa kuwa timu ya kununuliwa. Walter Clayton Jr. alitoka Iona, Will Richard alitoka Belmont, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic. Lakini Clayton alikuwa katika msimu wake wa pili Florida na Richard katika wa tatu. Kati ya hao watatu, Martin peke yake ndiye aliyekuwa mgeni wa mwaka huo. Hata Houston, inayosifiwa kwa kulea watu kama J'Wan Roberts tangu 2019, ilikuwa na L.J. Cryer kutoka Baylor na Milos Uzan kutoka Oklahoma. Kwa hiyo kwenye karatasi yako weka alama ya pekee kwa wahamiaji waliochagua kubaki. Wakiwa watatu au zaidi, timu hiyo ipe nafasi kuliko ile yenye majina makubwa manane yaliyofika Mei.

Habari za fedha

Mikataba hii kwa kawaida haichapishwi. Takwimu nyingi unazosoma zimetoka kwa mawakala, na wakala anafaidika namba ikiwa kubwa, kwa sababu inakuwa kianzio cha mteja wake anayefuata. Ukiona kiasi, jiulize: ni cha mwaka mmoja au miwili? Ni fedha za chuo au za mdhamini wa nje? Kuna masharti ya mechi alizocheza, au fidia akiondoka mapema? Mikataba ya nje kuanzia dola 600 inatakiwa kuripotiwa kwenye mfumo wa NIL Go ulioundwa na kampuni ya ukaguzi ya Deloitte, ambao hukagua kama kuna biashara halisi nyuma yake. Kwa hiyo ahadi iliyotangazwa Aprili inaweza kukataliwa baadaye.

Mashabiki nao wanaombwa kuchangia. Ukitaka kutoa, ingia kupitia tovuti rasmi ya idara ya michezo ya chuo, kamwe usifuate kiungo kilichotumwa na akaunti inayojiita ya mchezaji. Na ukinunua jezi, subiri Novemba. Aliyenunua yenye jina mwezi Machi huenda akawa amevaa la mpinzani ifikapo Juni. Lakini yenye jina inunue, kwa kuwa mchezaji hupata gawio.

Kijana akitoka kwetu

Wengi wanaotoka Afrika huwa na viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo hubana kazi za kulipwa nje ya chuo. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alihama West Virginia kwenda Kentucky na kuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 kwa wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa kikapu aliyoidaka. Ili asivunje masharti ya viza, alifanya kazi za matangazo Agosti mwaka huo timu ilipokuwa Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala, alipitia Duke msimu mmoja na kuchaguliwa wa kumi katika drafti ya 2025. Familia yenye kijana wa namna hii imtafutie mwanasheria wa uhamiaji kabla ya wakala. Kosa la viza linaweza kumrudisha nyumbani, na hapo hakuna dirisha la usajili litakalomsaidia.

Ukianza kutazama

Kuanzia Novemba hadi wiki ya pili ya Machi, mechi ya saa moja jioni ya New York ni saa tisa usiku Afrika Mashariki. Baada ya hapo Marekani husogeza saa mbele, inakuwa saa nane usiku. Usijiue kwa usingizi: Jumamosi kuna mechi za mchana zinazoanza saa mbili usiku kwetu, na Alhamisi na Ijumaa za raundi ya kwanza ya Machi, mechi ya mwanzo huanza baada kidogo ya saa moja jioni.

Katika mechi tano za kwanza usihangaike na matokeo, kwani nyingi ni dhidi ya timu dhaifu. Kila kipindi cha dakika 20 kina mapumziko ya matangazo mpira unaposimama chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 zilizobaki. Andika anayeingia kwenye pumziko la kwanza. Huyo ndiye mtu wa sita, hata kama magazeti yamemtaja mwingine. Kisha, mechi ikibana, andika watano waliopo dakika nne za mwisho na nani analeta mpira mbele. Katikati ya Desemba, kabla konferensi hazijapamba moto, rudi kwenye karatasi ya Juni, wafute waliopoteza dakika, na ukokotoe matumizi upya kwa namba za msimu huu.