Kukunja sio kuvunja: namna ya kutaipu shairi mistari isiharibike

Kazi yangu ni kutaipu mashairi na kaswida hapa Lamu, duka liko Langoni, na kitu kinacholeta maneno kuliko vyote ni mistari. Juzi mzee mmoja wa Mkomani kaja na karatasi alizoprintiwa kwengine, kila mshororo umekatika, kaniuliza kwa uchungu, "Mwanangu, mbona wamezivunda beti zangu?" Na ana haki, maana mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, ukiukata kwenye mizani ya 11 hapana ukwapi tena wala utao, zile nusu mbili za mshororo, msomaji anapumua pasipo pake.

Basi tuelewane kwanza. Kukunja ni ile programu inashusha maneno chini ili mstari mrefu uenee kwenye dirisha, ndani ya faili hakuna kilichobadilika. Kuvunja ni wewe umebonyeza Enta, na hiyo Enta inahifadhiwa kwenye faili kama herufi nyingine yoyote, huioni lakini ipo, itakwenda nayo kwa printa, kwa imeili, mpaka kwa simu ya mtu.

Hatua ya 1. Washa kukunja. Notepad ya Windows 11 ingia View, uchague Word wrap, kwenye zile za zamani iko kwenye Format. VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, ni Alt na Z. Ukishawasha, Enta usiiguse mpaka mshororo uishe, maneno yakishuka yenyewe yaache.

Hatua ya 2. Jaribu. Shika ukingo wa dirisha ulipanue kisha ulibane. Maneno yakihamahama, huko ni kukunja. Dirisha limekuwa pana na mstari bado umekatika palepale, kuna mtu kabonyeza Enta.

Hatua ya 3, na hii ndio yenye kazi: faili ishavunjwa, unaitengenezaje? Mimi natumia Notepad++, programu nyingine mbali na Notepad, ni ya bure. Ingia View, halafu Show Symbol, halafu Show End of Line, na kila penye Enta utaona vibandiko vidogo vimeandikwa CR na LF. Sasa chagua vipande vya mshororo mmoja tu, bonyeza Ctrl na J, vitaungana na nafasi itawekwa katikati. Usichague ubeti mzima, utaunganika wote uwe mstari mmoja. Barua au hadithi ni rahisi, unachagua aya nzima kwa mara moja, lakini shairi nalipitia mshororo kwa mshororo, ukurasa wa mwenyewe uko mkononi, hata zikiwa beti 60, kwa sababu kompyuta haijui kuhesabu mizani na mimi siwezi kuiachia kazi ya mtu aliyekesha akiipanga.

Hatua ya 4. Hizo CR na LF ni za tangu enzi za mashine za chapa: kurudisha kigari mwanzo wa mstari ni kitendo kimoja (CR), kuisogeza karatasi juu ni chengine (LF). Windows inaweka zote mbili, Linux na Mac za sasa zinaweka LF peke yake, Mac za zamani sana zilikuwa na CR tu. Notepad ilikuja kuzielewa zote mwaka 2018, kabla ya hapo ukiifungulia faili ya Linux utenzi wote unakuja mstari mmoja mrefu kama kamba ya nanga, na kompyuta za namna hiyo bado zipo madukani. Ikikutokea usianze kubonyeza Enta beti kwa beti! Fungua kwa Notepad++, ingia Edit, EOL Conversion, chagua Windows, seivu, imekwisha.

Hatua ya 5. Kabla ya kuprinti tafuta mshororo mrefu kuliko yote uone kama unaenea kwenye karatasi. Hauenei, punguza fonti au laza karatasi upande. Ikishindikana kabisa, vunja baina ya ukwapi na utao kwenye mishororo yote, si mmoja, na kabla hujafanya hivyo mpigie simu mwenye shairi umuulize.